Alzheimer, Daktari Aliyeketi Akamsikiliza Mgonjwa

Jina la Daktari Alois Alzheimer hutajwa kila siku katika hospitali za ulimwengu mzima, lakini wengi wanaolitaja hawajui kwamba ni jina la mtu. Hudhani ni jina la maradhi tu, kama vile surua au kifaduro. Walakini Alzheimer alikuwa mtu kama mimi na wewe: alizaliwa, akasoma, akaoa, akafiwa na mkewe, akavuta sigara nyingi kupita kiasi, na akaaga dunia kabla hajauonja uzee. Leo nataka kumsimulia msomaji maisha ya bwana huyu, kwa sababu naona kwamba sisi watu wa Kasikeu, ijapokuwa tuko mbali sana na Ujerumani, tuna jambo moja kubwa la kujifunza kwake, nalo silo lile lililomletea sifa.

Sifa zake zilitokana na hadubini, kile chombo cha kutazamia vitu vidogo visivyoonekana kwa macho. Lakini kabla ya hadubini palikuwa na kiti, karatasi na kalamu. Hivyo vitatu ndivyo ninavyomwomba msomaji avikumbuke tunapoendelea.

UTOTO NA MASOMO

Alzheimer alizaliwa tarehe 14 Juni, mwaka wa 1864, katika mji mdogo wa Marktbreit, jimbo la Bavaria, kusini mwa Ujerumani. Baba yake, Bwana Eduard, alikuwa mwanasheria wa kushuhudia mikataba na hati. Mke wa kwanza wa Bwana Eduard alifariki, naye akamwoa dada ya marehemu, Bi Theresia, ambaye ndiye aliyemzaa Alois.

Kijana huyu alipenda elimu ya viumbe tangu shuleni. Alisomea udaktari katika vyuo vikuu vya Berlin, Tübingen na Würzburg, akahitimu mwaka wa 1887. Utafiti aliouandika ili kupata shahada ulihusu tezi zinazotoa nta ya sikioni, jambo dogo ambalo watu wengi wasingelijali, lakini lilimfundisha kutazama kwa uvumilivu. Wala asidhani msomaji kwamba alikuwa kijana wa vitabu tu. Wanafunzi wa Kijerumani wa siku hizo walikuwa na desturi ya kupigana kwa panga kama mchezo wa heshima, na mchezo huo ulimwachia Alzheimer kovu usoni ambalo alikwenda nalo kaburini.

Mwishoni mwa mwaka wa 1888 aliajiriwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili na wa kifafa mjini Frankfurt. Jengo lenyewe lilikuwa kubwa na la fahari, hata wenyeji wakalibandika jina la kasri la wendawazimu. Mkubwa wake, Daktari Emil Sioli, hakupenda wagonjwa wafungwe kamba wala kuvishwa nguo za kuwabana mikono. Alitaka walazwe vitandani, waogeshwe kwa maji ya uvuguvugu, watoke nje waone jua, na waangaliwe na watu wenye subira. Alzheimer aliifuata njia hiyo kwa moyo wote. Mchana alizunguka wodini akizungumza na wagonjwa; usiku alikaa na mwenzake, Franz Nissl, aliyekuwa bingwa wa kupaka rangi vipande vya ubongo ili chembechembe zake zionekane, wakachungulia hadubini hadi usiku wa manane.

Mwaka wa 1894 alimwoa Bi Cecilie Geisenheimer, mjane mwenye mali, wakajaliwa watoto watatu. Furaha hiyo haikudumu. Mwaka wa 1901 Bi Cecilie alifariki, na Alzheimer akabaki na watoto wadogo. Dada yake ndiye aliyekuja kuishi naye ili awalee. Kwa hiyo bwana huyu aliyajua majonzi ya nyumbani, na alijua pia kwamba mzigo wa familia huwa haubebwi na daktari bali na ndugu.

MKE WA KARANI WA RELI

Mwaka wa 1898 reli ya kutoka Mombasa ilipokuwa ikikata nchi yetu ya Ukambani, na kituo kilicho jirani yetu kikapewa jina la Sultan Hamud wa Zanzibar, kule Frankfurt aliishi karani mmoja wa reli aitwaye Karl Deter pamoja na mkewe, Bi Auguste. Walikuwa na binti mmoja. Walikuwa watu wa kawaida, nyumba yao ina utulivu, na Bi Auguste alisifika kwa bidii na usafi.

Kisha mambo yakaanza kugeuka. Bi Auguste alianza kumwonea mumewe wivu usio na msingi, akidai kwamba ana uhusiano na mama jirani. Akaanza kukosea mapishi aliyoyajua tangu usichana. Akaficha vitu humu na mle asikumbuke alikoviweka. Akawa anatembeatembea nyumbani bila shabaha, na usiku anapiga kelele. Bwana Karl alistahimili kadiri alivyoweza, lakini hatimaye, tarehe 25 Novemba 1901, Bi Auguste akapelekwa hospitali. Umri wake ulikuwa miaka 51.

Siku ya pili Alzheimer alivuta kiti akaketi mbele yake. Alimwuliza jina lake, jina la mumewe, na mahali alipo. Jina lake la kwanza alilijua, lakini alipoulizwa la mumewe alijibu tena kwa jina lake mwenyewe. Alimwonyesha penseli, kalamu, kibeti na ufunguo, naye akavitaja sawasawa. Baada ya kitambo kidogo hakukumbuka ameonyeshwa nini. Alipokuwa akila chakula cha mchana alimwuliza anakula nini, naye akataja chakula ambacho hakikuwamo katika sahani. Alimwomba aandike jina lake. Akaandika neno la mwanzo, mengine yakampotea njiani. Mwenyewe alitambua kwamba kuna kitu kinachomtoka, na jambo hilo lilimtia uchungu.

Alzheimer aliyaandika yote. Hakuandika tu kwamba mgonjwa amechanganyikiwa akafunga faili. Aliandika swali alilouliza na jibu alilopewa, siku hata siku, ili yeyote atakayesoma baadaye aweze kuona hali ya mama huyu ilivyokuwa na ilivyobadilika.

Hapa ndipo ninapotaka kusimama kidogo. Katika kazi hiyo yote ya kitandani hapakuwa na mashine. Hapakuwa na umeme wa ajabu wala dawa ya bei kubwa. Palikuwa na daktari aliyekuwa tayari kuuliza swali na kungojea jibu.

YALE TUNAYOYAONA KWETU

Nimekulia Kasikeu, nami nimeona mambo ya Bi Auguste zaidi ya mara moja bila kujua yana jina. Nimeona mzee aliyekuwa hodari wa kupima mipaka ya mashamba akipotea katika njia ya kutoka sokoni kwenda kwake. Nimesikia juu ya bibi kizee aliyewashuku wakaza wanawe kwamba wanamwibia kunde na pesa, hata nyumba ikagawanyika, kumbe kila kitu alikificha mwenyewe chini ya magunia. Wengine husema ni uzee tu. Wengine husema amerogwa, au kwamba ni mizimu, au ni adhabu ya ujana wake. Na mbaya zaidi, wako wanaoona bibi kizee akitangatanga usiku wakamfikiria yeye ndiye mchawi.

Niliwahi kumsindikiza shangazi yangu mmoja katika zahanati ambayo sitaitaja. Tulipanga foleni tangu asubuhi. Alipofika zamu alipimwa shinikizo la damu, akapewa vidonge vya kutuliza maumivu ya viungo, na mimi nikaambiwa nimvumilie kwa kuwa ameshazeeka. Hakuna aliyemwuliza leo ni siku gani. Hakuna aliyeniuliza mimi ninayeishi naye nimeona nini. Simlaumu muuguzi yule; nyuma yetu palikuwa na akina mama wenye watoto wachanga mpaka nje ya mlango. Lakini tulirudi nyumbani kama tulivyokwenda.

HOTUBA ISIYOULIZWA SWALI

Tumrudie Alzheimer. Aliondoka Frankfurt akapitia Heidelberg, na mwishoni mwa mwaka wa 1903 akafika Munich pamoja na mkubwa wake mpya, Profesa Emil Kraepelin, aliyekuwa na sifa kuliko madaktari wote wa akili wa Ujerumani wakati huo. Kwa muda alifanya kazi huko bila mshahara, akijigharimia utafiti wake mwenyewe. Yasimuliwa kwamba alipowafundisha wanafunzi alizunguka kutoka hadubini moja hadi nyingine, akiweka sigara yake mezani na kuisahau kila alipoinama kueleza, hivi kwamba jioni palikuwa na kishungi cha sigara kwenye kila meza.

Ijapokuwa alikuwa mbali, hakumsahau mke wa karani wa reli. Aliendelea kuuliza habari zake. Bi Auguste alidhoofika mwaka baada ya mwaka, akawa hasemi neno la kueleweka, hainuki kitandani, amejikunyata. Alifariki tarehe 8 Aprili 1906. Naomba msomaji azingatie neno hili: kilichomwua hasa ni sumu iliyoingia katika damu kutokana na vidonda vya kulala. Usahaulifu ulimlaza kitandani, na kitanda kikamwua.

Faili na ubongo wake vilipelekwa Munich. Alzheimer alikata vipande vyembamba, akavitia rangi ya madini ya fedha, njia ambayo wakati huo ilikuwa mpya, akatazama. Aliona kwamba ubongo ulikuwa umesinyaa. Baina ya chembechembe palikuwa na madoa ya uchafu uliogandamana, na ndani ya chembechembe zenyewe nyuzi zilikuwa zimejiviringa kama uzi uliochezewa na paka. Kwa mara ya kwanza mambo aliyoyaandika akiwa ameketi kitini yaliweza kuwekwa kando ya mambo yaliyoonekana katika hadubini, yakawa habari moja.

Tarehe 3 Novemba 1906, wakati ambao huku kwetu watu huwa wanangojea mvua ya vuli na kuandaa mbegu, Alzheimer alisimama mbele ya mkutano wa madaktari wa akili mjini Tübingen akaeleza habari hiyo. Alipomaliza hakuna hata mmoja aliyeuliza swali. Mkutano ukaendelea na hotuba nyingine. Habari aliyoichapisha mwaka uliofuata ilikuwa fupi mno.

Mwaka wa 1910 Profesa Kraepelin aliyaita maradhi hayo kwa jina la Alzheimer katika kitabu chake kikubwa cha kufundishia. Mwaka huohuo serikali ya kikoloni ilifungua mjini Nairobi nyumba ya kuwaweka wagonjwa wa akili, ile ambayo baadaye ilikuja kuwa hospitali ya Mathari. Kwa miaka mingi, mtu wa Ukambani aliyeharibikiwa na akili hakuwa na mahali pengine pa kupelekwa ila huko, safari ndefu ya mbali na watu wake.

KIFO CHAKE NA KOSA LA ULIMWENGU

Mwaka wa 1912 Alzheimer aliteuliwa kuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Breslau, mji ambao leo uko nchini Poland na huitwa Wrocław. Aliugua akiwa safarini kwenda kushika kazi hiyo, na moyo wake haukupata nafuu kamili tena. Alifariki tarehe 19 Desemba 1915, vita vikuu vya kwanza vikiendelea. Alikuwa na umri wa miaka 51, umri ule ule aliokuwa nao Bi Auguste alipoletwa mbele yake. Alizikwa Frankfurt kando ya mkewe.

Baada ya kifo chake ulimwengu ulifanya kosa ambalo hata Kasikeu tunalifanya. Kwa kuwa Bi Auguste hakuwa mzee, madaktari walishika kwamba maradhi ya Alzheimer ni ya watu wa makamo, nayo ni ya nadra. Bibi wa miaka 75 mwenye dalili zile zile aliambiwa ni uzee. Haikuwa mpaka miaka ya 1960 ambapo madaktari wa Newcastle, Uingereza, walipima ubongo wa wazee waliokufa na usahaulifu wakakuta madoa na nyuzi zile zile. Mwaka wa 1976 Daktari Robert Katzman wa Marekani akaandika wazi kwamba maradhi ni yale yale, na kwamba ni miongoni mwa yanayoua watu wengi. Tangu hapo neno la kwamba ni uzee tu halina tena msingi. Uzee hupunguza mwendo wa kukumbuka. Haumfanyi mtu asahau njia ya kwake.

Faili la Bi Auguste lilipotea kwa miaka mingi, mpaka mwaka wa 1995 Profesa Konrad Maurer na wenzake walipolikuta mjini Frankfurt. Karatasi zilikuwa bado zinasomeka, maswali na majibu yake yamepangwa kama yalivyoandikwa.

KITI, KARATASI NA KALAMU

Shirika la Afya Ulimwenguni lilikadiria kwamba mwaka wa 2021 watu milioni 57 walikuwa na usahaulifu wa aina hii, ambao madaktari huuita dimenshia, na zaidi ya sita katika kila kumi wako katika nchi zisizo tajiri. Maradhi ya Alzheimer ndiyo aina iliyo kubwa kuliko zote. Dawa ya kuyaponya haijapatikana. Dawa zilizoruhusiwa Marekani miaka ya karibuni hupunguza mwendo wake tu kwa baadhi ya wagonjwa walio mwanzoni, nazo ni ghali mno, hutiwa katika mshipa na huhitaji picha za ubongo. Hizo tusizingoje.

Lakini yako mengi ambayo hayangojei. Tangu mwaka wa 2010 shirika hilo limetoa kitabu cha mwongozo kwa ajili ya wauguzi na matabibu wasio mabingwa wa akili, na dimenshia imo ndani yake. Hapa kwetu Makueni, watafiti wa taasisi ya Profesa David Ndetei, miongoni mwao Daktari Christine Musyimi, wamefanya kazi na wauguzi, wahudumu wa afya wa vijijini, na hata waganga wa kienyeji na wa maombi. Wahudumu wa vijijini wamefundishwa kwenda nyumbani kwa wazee na kuwapima kwa maswali: kutaja vitu vya kila siku, kukumbuka maneno machache baada ya muda, kujua siku na msimu, na kisha jamaa wa mzee kuulizwa anayoyaona. Nilipoyasikia maswali hayo nilimkumbuka Alzheimer na penseli yake. Ni kazi ile ile, safari hii ikifanywa uani chini ya mwembe.

Kwa nini kupima ikiwa dawa haipo? Kwanza, si kila anayesahau ana maradhi haya. Huzuni nzito humsahaulisha mtu. Vilevile upungufu wa vitamini, maradhi ya tezi ya shingo, homa zilizofichika, na hata mchanganyiko wa dawa anazomeza. Mengi ya hayo hutibika, na kumwita mtu huyo mzee aliyechoka ni kumnyima uzima wake. Pili, shinikizo la damu na sukari huongeza hatari ya kuharibika ubongo, na hayo mawili hupimwa papo hapo katika zahanati. Wahudumu wa afya wa vijijini, ambao serikali iliwatuma mwaka wa 2023 wapatao laki moja nchini kote, walipewa mikoba yenye vifaa vya kupimia.

Tatu ni wale wanaomtunza. Binti au mkaza mwana anayeelezwa kwamba mama hatukani kwa chuki bali kwa maradhi, hulala na moyo mwepesi zaidi. Huelezwa asibishane naye, amwekee saa zile zile za kula na kulala, amnyweshe maji, aondoe shimo na kisu njiani, na apate ndugu wa kumpokea angalau siku moja kwa juma ili apumzike. Na mzee akishalala kitandani, ageuzwe kila baada ya saa chache, akaushwe, ngozi ikaguliwe. Tukumbuke kilichomwua Bi Auguste. Kidonda cha kulala kinaweza kuzuiwa kwa mikono miwili na shuka safi, na muuguzi wa zahanati anaweza kuyafundisha hayo kwa muda mfupi.

Sisi jamaa nasi tuna deni letu. Mficha maradhi kilio humuumbua. Tukimfungia mzee chumbani kwa kuona haya, hata muuguzi mwenye moyo wa Alzheimer hatampata wa kumwuliza. Vijana wetu wako Nairobi na Mombasa, na wazee wamebaki na wajukuu. Basi anayekuja nyumbani Krismasi akaona mama yake anauliza jambo moja mara tano, asicheke akarudi zake kazini. Ampeleke zahanati, na aseme aliyoyaona.

Maombi yangu kwa wakubwa wa afya ni madogo. Katika kila zahanati ya wadi hii itengwe asubuhi moja kwa mwezi iwe ya wazee, wasipambane na foleni ya watoto. Awepo muuguzi aliyefundishwa maswali yale, awe na daftari la kuandika majibu, na mzee akirudi mwezi wa pili majibu mapya yaandikwe chini ya yale ya kwanza. Alzheimer alikuwa na wodi nzima ya wagonjwa, na bado alirudi kwa mke wa karani wa reli akamwuliza tena jina lake. Shangazi yangu hakuulizwa. Wako wengine Kasikeu ambao bado wangali wanaweza kujibu.